Asilimia Kumi ya Nini, Kaka Nassor?

Kaka Nassor,

Ukuta wa uani kwetu umeanguka Jumatatu asubuhi, mimi nikiwa tanurini natoa mikate ya boflo ya mkupuo wa pili. Hakuumia mtu. Asumini ya mama imelala chini ya mawe, na mtungi wake wa maji umekuwa vigae. Leo Alkhamisi. Nimekutumia ujumbe wa sauti mara sita, wote umeusikiliza, na jibu lako ni moja tu: "Simu ina asilimia nne, Salma, ntakupigia." Simu gani hiyo ya Maskati isiyochajiwa siku tatu? Ndiyo maana naandika hapa mtandaoni, mbele za watu, maana najua hapa unapita kila siku.

Mama hajui. Yuko Kizimkazi kwa mama mdogo. Anarudi Jumamosi, na atataka kulala chumbani kwake juu, ndani ya kuta ulizozipiga lipu kwa mkono wako mwaka juzi, wiki ileile uliyoupiga lipu ukuta wa uani.

Unakumbuka ulivyojificha nyuma ya tangi na karatasi ya hisabati? Ulipata thelathini kati ya arubaini, wewe ukaona umepata asilimia thelathini, ukawa unalia kwa hofu ya baba. Mimi nilikuwa nyuma yako madarasa mawili. Nikakwambia, "Thelathini ya arubaini, si ya mia! Umepata sabini na tano, we zuzu!" Ulininyanyua ukanizungusha ua mzima, mpaka mama akapiga kelele tutamvunjia mtungi. Tangu siku ile hukupiga hesabu bila ya kuniita. Na kila ukiniita nikaja.

Hesabu zangu mwenyewe nimejifunza kwenye unga. Tanuri sikuachiwa na mtu, unajua. Nilianza na jiko moja la mkaa na sufuria ya kuazima. Na kwenye mkate, kaka, unga ndio mia. Kilo kumi za unga, chumvi asilimia mbili, basi gramu mia mbili. Maji yanahesabiwa kwa unga, hamira kwa unga. Hakuna anayehesabu kwa donge zima. Nimefanya hivyo mpaka nikasahau kuwa wako wanaohesabu vyengine.

Halafu ukaja siku ile, chokaa mpaka kwenye nyusi. "Salma, masika hayo yanakuja na tiketi nshakata. Chokaa tupu haitawahi kukauka. Nitie saruji kidogo?" Nikamuuliza fundi wa chokaa. Akasema nyumba hizi za mawe hazitaki saruji kabisa, ila kama hapana budi isizidi asilimia kumi. Nikachana mfuko wa unga nikakuandikia: saruji, asilimia kumi. Ukaitia karatasi ndani ya kofia yako, ukacheka: "Daktari kashaandika dawa!"

Jana nilimleta fundi yuleyule. Aliokota kipande cha lipu, akakigonga kwa mpini wa nyundo, kikalia kama sahani. Mawe ya nyuma yake yameloa, yanamomonyoka kama mkate usioiva.

"Mmeuziba," akasema. "Maji yameingia, hayana pa kutokea. Saruji mlitia ngapi?"

"Asilimia kumi."

Akanitazama. "Ya nini, bibie?"

Nikahesabu palepale, kwa vipande vya mawe.

Mchanganyiko wako ulikuwa ndoo kumi za chokaa na ishirini za mchanga. Asilimia kumi ya chokaa ni ndoo moja. Asilimia kumi ya vyote thelathini ni ndoo tatu. Kwangu mimi chokaa ndiyo ilikuwa unga. Kwako sijui. Sikukuuliza, wala sikuandika.

Nina uchungu na wewe, sikufichi. Miaka miwili hii kila mgeni anapandishwa juu aoneshwe ukuta: "Hii kazi ya mwanangu Nassor." Boflo zangu zinaliwa hapohapo, hakuna anayeuliza nani kazioka. Lakini ile hesabu ni yangu, na nimeiandika nusu. Napanda chumbani kwa mama mara tatu kwa siku, naweka kiganja ukutani. Nikikiondoa kimeloa, na sijui kama ni maji ya ukuta au ni jasho langu.

Fundi kanambia waziwazi: kwa kugonga tu hawezi kujua ni ndoo ngapi, na ukuta wa uani unanyeshewa, hata ndoo moja huenda ingeuziba, ila wa chumbani uko ndani. Kama ni ndoo moja, nisiguse kitu. Nikibandua lipu isiyo na ubovu nitauharibu ukuta kwa mkono wangu. Kama ni tatu, boriti za dari zishikiliwe kwa nguzo kabla hajaingia mtu, na mama akalale pengine. Na mama hakubali kulala pengine bila ya kuambiwa sababu. Sababu hiyo naiogopa, kaka. Itamuumiza kuliko asumini.

Basi nijibu kesho Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri. Ukinyamaza nitachukua kuwa ni tatu, nguzo zitaingia, na mama nitamwambia mwenyewe nani alichanganya na nani aliandika. Sitakugombeza. Nijibu tu: ndoo moja au ndoo tatu? Na usinijibu kwa asilimia.

Mdogo wako,
aliyekukosesha neno moja kwenye karatasi.