Alama ya Masikio ya Ng'ombe wa Yoramu

Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu, nami naomba unishike mkono katika hili. Mimi ni mjane, naishi Makole, mume wangu Yoramu tulimzika mwaka juzi, na binti yetu Erica, aliyesomea mifugo, yuko Zambia, amekodi shamba na ameanza kufuga ng'ombe wa nyama, mitamba sita na dume mmoja mwekundu, na akinitumia picha nawaonyesha hata majirani ambao hawajaniuliza, maana katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuwa na zizi nje ya nchi. Mwezi uliopita akanipigia, akasema, "Mama, nataka ndama wangu wa kwanza akatwe sikio kwa alama ya baba," na unajua sisi Wagogo kila ukoo una mkato wake, ng'ombe akipotea anajulikana ni wa nani, nikafurahi hadi nikalia, lakini nilipomwarifu shemeji yangu Abeli, mdogo wa marehemu, akacheka, "Shemeji, huyo ng'ombe wa Zambia atajuaje kwamba yeye ni Mgogo?" Halafu akaacha kucheka, akasema alama ni ya watoto wa kiume, nikimpa Erica, yeye Abeli nisimwite tena kwenye jambo la ukoo. Namheshimu, ndiye aliyesimamia msiba, ila nakumbuka Yoramu alipokuwa anakata masikio, aliyemshika ndama kichwa ni Erica, na baba yake akimwambia, "Shika kama umeshika mtoto wa mtu," kisha akishakata analipuliza lile sikio, eti lisiume. Sasa ndama anakaribia kuzaliwa, Erica anataka jibu, nami simu yake naiangalia ikiita tu. Nifanye nini?

Mama Erica, Makole

Mama Erica, pole kwa msiba, na hongera kwa zizi. Pokea yote mawili, usione haya.

Ila simu ya mtoto pokea! Kosa lake nini, kumkumbuka baba yake? Yuko ugenini, nawe unamfanya ahisi ameomba kitu kibaya.

Kwa Abeli umekosea kidogo. Ulimpelekea habari kama jambo lililokwisha, na mtu aliyemzika kaka yake hutaka kuombwa, si kuarifiwa. Nenda kwake Jumapili, umpigie Erica mbele yake. Mtoto aamkie kwanza, kisha aseme mwenyewe, "Baba mdogo, nifundishe mkato wa baba." Aseme "nifundishe," asiseme "nipe." Mwonyeshe na yule dume mwekundu. Aliyeuliza kama ng'ombe atajua kwamba ni Mgogo, tayari amekwisha kumfikiria huyo ng'ombe.

Akikataa, msigombane. Mkato huo Erica anaujua tangu utoto, na baba yake ndiye aliyemweka pale kwenye kichwa cha ndama. Autumie, nawe usimame naye. Kwanza tu amuulize daktari wa mifugo wa huko kama kukata masikio kunaruhusiwa. Kama haiwezekani, auchonge kwenye nguzo ya lango, kila anayeingia aone ni zizi la nani.

Na kama inaruhusiwa, mwambie akishakata asisahau kulipuliza sikio.