Maksai wa Mzee Sichalwe Asiuzwe

Morogoro,
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakuomba usiisome barua hii kwa sauti. Najua desturi ya nyumbani: barua ikifika husomwa baada ya chakula, majirani wamekaa, na Mzee Sichalwe amepewa kile kiti chenye mgongo. Safari hii ingia chumbani uisome peke yako kwanza.

Mgongo wako unaendeleaje? Na kikohozi cha mama, mmeshakwenda zahanati au bado mnasema wiki ijayo? Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenipaa tangu Alhamisi, siku nilipopokea barua yako. Mwishoni uliandika, kama habari ya furaha, kwamba Lusia wa Mzee Sichalwe naye amepata chuo, na Jumamosi ijayo mzee atampeleka maksai wake Tunduma akamuuze, anunue kompyuta kwenye duka lile lile uliloninunulia yangu.

Baba, mzuie. Ulichoninunulia si kompyuta. Ni kioo chake tu.

Kompyuta ina kioo cha kutazamia, ina kibodi ya kuandikia, na ina mashine yenyewe, sanduku la bati ambalo ndilo linalofanya kazi yote. Bila hilo sanduku kioo ni kama televisheni isiyo na stesheni. Sijui kama yule muuzaji alikudanganya, au ulimwonyesha kwa kidole naye akakufungia ulichokionyesha.

Siku mzigo ulipofika stendi, umefungwa kwa blanketi na kitenge cha mama, nililia kwa furaha mbele ya kondakta. Wenzangu wa chumbani walinisaidia kuubeba. Mmoja wao, Rehema, kwao wana kompyuta tangu akiwa shule ya msingi. Alikizunguka kile kioo, akachungulia nyuma, akaniuliza taratibu, "Faines, na mashine yake iko wapi?"

Nikamjibu, "Inakuja na basi la kesho."

Kumbe hata mimi sikujua anauliza nini! Niliona aibu tu kusema sijui. Wiki iliyofuata tuliingizwa kwenye chumba cha kompyuta cha chuo, mwalimu akasema tuwashe. Nikabonyeza kitufe cha kioo, nikakaa nasubiri. Wenzangu wakaanza kuandika, mimi bado nasubiri, hadi mwalimu akainama akawasha sanduku lililokuwa miguuni pangu. Darasa zima lilicheka. Nami ndipo nilipoelewa ulichonitumia, na jioni ile nilikichomeka kioo chako kwenye umeme nikione mwenyewe. Kiliwaka taa ndogo ya rangi ya chungwa, kikaandika kwa Kiingereza kwamba hakijaunganishwa na kitu, kikazima.

Ningekuandikia ukweli siku ile ile. Badala yake nilikuandikia kwamba kompyuta inafanya kazi vizuri, na kazi zangu zote naandikia hapo. Nilifikiria ulivyomuuza maksai wako, mkono wangu ukakataa kuandika kingine. Barua ya pili nikaongeza chumvi. Ya tatu nikasema hata mwalimu ameisifu. Wewe uliwasomea watu barua zote tatu, na Mzee Sichalwe akazisikia akiwa kwenye kiti chake.

Ukweli ni kwamba hapa wanafunzi ni wengi, kompyuta ni chache. Tunaandika majina kwenye daftari la zamu, na zamu ikifika umeme unaweza kukatika. Waliozikuta kwao wanaandika bila hata kutazama vidole. Sisi tuliozikutia hapa tunaitafuta herufi moja moja, kama mtu anayechagua mawe kwenye maharage. Na ripoti ya mwisho lazima kila mtu aichape mwenyewe, mwalimu akiwa amesimama nyuma yako.

Rehema alinichorea kibodi kwenye manila. Nimeiweka mezani mbele ya kile kioo chako, na kila siku nafanya mazoezi, vidole juu ya karatasi, macho kwenye kioo kilichozima. Usicheke, baba. Vidole vimeanza kuzoea, na ripoti yangu imefika nusu.

Lakini Lusia je? Na nyinyi je? Tangu umuuze maksai wako mmoja, aliyebaki mnamuunganisha na wa Mzee Sichalwe mpate jozi moja, mnalima leo kwako, kesho kwake. Akimuuza wake, mvua zikianza mtafunga nini kwenye jembe? Nyumba mbili zitalima kwa mkono, na mgongo wako huo, kwa sababu ya maneno yangu. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko ripoti.

Ningepiga simu kwa mchungaji, lakini simu ya mchungaji inasikilizwa na kwaya nzima. Kondakta anaondoka na barua hii kesho alfajiri. Atamwachia mama mdogo pale anapouza vitenge Tunduma mpakani, naye ataitafutia gari la kuja huko nyumbani Ndalambo. Naomba Mungu ifike kabla ya Jumamosi.

Msalimie mama, mwambie kitenge chake nimekitunza. Shangazi shikamoo zake, na wadogo zangu wote wasome kwa bidii. Mwambie Lusia atafute daftari kubwa na manila moja, nikija likizo nitamchorea kibodi.

Baba, nimeirudia barua hii kabla ya kuifunga. Pale juu nimekuomba usiisome kwa sauti. Niliogopa aibu, yako na yangu. Lakini ukimzuia Mzee Sichalwe bila kumpa sababu, atadhani humtakii mwanawe mema. Wewe ulinunua kitu usichokijua, na hilo halina kosa. Mimi nilikijua, nikakisifia, nawe ukazisoma sifa hizo mbele ya watu.

Basi waite wote. Mpe Mzee Sichalwe kiti chake, uanze kusoma pale penye shikamoo.

Mwanao,
Faines