Baba Anaposita Kuvuta Pumzi

Jumanne, 4 Machi

Tumemrudisha Baba nyumbani. Kitanda chake kiko sebuleni, nimehamisha cherehani. Kiharusi kimemfunga ulimi na mkono wa kulia, lakini kinachonimaliza mimi ni zile pumzi. Zinaanza ndogo ndogo, zinapanda, anahema kama enzi zile za kubeba saruji ghorofani — kisha zinashuka, zinashuka, kimya. Unabaki umesimama na kijiko mkononi. Halafu anavuta tena!

Muuguzi anasema mapafu hayana neno. Ubongo ndio unaochelewa kuyaamuru. Nikauliza, atapona? Akasema tuwaite walio mbali.

Nimempigia Kaka. Hawajasemezana na Baba tangu alipotupa mwiko wa uashi akaenda kusomea kompyuta. Nilidhani ataleta visababu. Kumbe analia. Atapanda basi keshokutwa asubuhi.

Jumatano, 5 Machi

Shangazi keshaomboleza mara mbili. Baba akisita tu, yeye huyo chini! Nikamwambia, Shangazi, mngoje kwanza. Akanuna. Ati nimfundishe mimi kumlilia ndugu yake wa tumbo moja? Nikaenda jikoni kucheka. Mungu anisamehe, nilikuwa na hofu kuliko yeye.

Leo kimya kinarefuka. Nimemnong'oneza Baba kwamba Kaka anakuja. Mkono wa kushoto ukanibana vidole. Amesikia, naapa amesikia.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Nilitoka kununua sabuni. Narudi — viatu tele mlangoni. Majirani wameketi, macho mekundu, na Baba katikati yao anahema. Hakuna anayejua atazame wapi.

Shangazi huyo. Baba alisita, yeye akashika simu akautangazia ukoo mzima. Kaka alikuwa kituoni na tiketi mkononi. Akarudi kwake, amngoje mkewe na watoto waje wote pamoja kuzika Jumamosi.

Jumamosi! Muuguzi hana hakika hata na kesho.

Nikampigia: Baba yu hai. Hakuamini. "Dada, usinibembeleze kama mtoto. Shangazi hawezi kuzusha jambo kama hili."

Basi msikie mwenyewe, nikasema. Nikamwekea Baba simu mdomoni.

Ndipo akasita.

"Sisikii kitu," Kaka akasema.

Ngoja, nikamwambia. Ngoja kidogo tu.

"Pole, dada yangu." Akakata.

Baba akavuta pumzi.

Basi la mwisho linaondoka kule saa kumi. Naandika huku napiga. Simu inaita, hapokei.