Kipa wa Hilali

Annaba, 14 Mei 1978

Kwa dada yangu Wardia,

Shikamoo dada. Habari za Constantine, na miguu imepungua kuvimba? Huku tu wazima, ila mimi moyo hautulii. Sababu utaiona, nakuomba tu usome mpaka mwisho.

Hilali yetu inatimiza miaka hamsini. Vijana wa kamati walikuja nyumbani wakaniambia niandike historia ya klabu ichapwe kitabu, maana makatibu wa zamani nimebaki mimi peke yangu. Nikakubali kwa furaha, mjinga mimi. Nikaandika jinsi baba na wenzake walivyoianzisha mkahawani, jinsi Wafaransa walivyotulazimisha tuweke Wazungu katika timu ya Waislamu, na jinsi tulivyompata Salvu, yule Mmalta fundi viatu, akatudakia miaka tisa. Unakumbuka alivyokuwa akifunga Ramadhani siku za mechi, ati hawezi kula mbele ya wenzake? Mumeo Tayeb alimtania, "Utakufa njaa bure wewe, na thawabu hupati."

Nilipofika mwaka hamsini na sita kalamu ikagoma. Kinachosemwa unakijua. Wapiganaji wa uhuru walituamuru tuvunje klabu na tuchome karatasi zote. Wiki mbili baadaye wanajeshi wa Kifaransa wakapita nyumba kwa nyumba bila kuuliza njia, wakachukua wachezaji saba. Tayeb hakurudi. Ikasemwa Salvu ndiye aliyewauza, akauawa mlangoni pa duka lake, na wewe ukaenda ukamtemea mate maiti. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nikanyamaza.

Sasa namwona, dada. Ijumaa uwanjani alikuwa golini, na ile fulana yake ya kijivu, anapanga ukuta kwa mkono. Nikamuuliza jirani kama anamwona yule kipa mzee. Akacheka, akasema, "Mzee wangu, punguza kahawa." Salvu akageuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Salvu hakumuuza mtu. Lile daftari la leseni, lenye picha na anwani za wachezaji wote, sikulichoma. Nililiandika mwenyewe miaka yote ile kwa mwandiko wangu bora, nikaona uchungu. Nikalificha klabuni, ndani ya gunia la ngano. Wanajeshi walilipata Jumanne, na nilijua siku ileile. Wachezaji walichukuliwa Alhamisi. Nilikuwa na siku mbili za kuwaonya, Wardia, na Tayeb nilikutana naye Jumatano, akanisalimia. Niliona aibu kusema sikuchoma.

Kesho naipelekea kamati ukurasa huo, jina la Salvu limesafishwa na langu limeandikwa mahali pake. Nimetaka usikie kwangu kwanza, si kitabuni.

Nisalimie majirani, na watoto wa Tayeb. Nilitaka kuandika kwamba mjomba wao anawapenda, lakini ngoja kwanza wasome, waseme kama bado nina haki ya kuitwa mjomba.

Mimi,
Messaoud, aliyekuwa katibu wa Hilali