Hutaki Kuhifadhi?

Jumatatu, 4 Machi

Siwezi kukaa. Dirishani, jikoni, mezani, dirishani tena. Mke wangu ameuliza kama nina siafu kwenye suruali. Nimemwambia nina duka la miwani kichwani. Akasema basi nivae moja, labda nitaona nilipoacha funguo.

Ni hivi. Daktari wa macho, mwenye duka, amepiga simu asubuhi. Programu niliyomtengenezea inasahau. Mteja anapimwa upya, vipimo vinaingizwa, dirisha la kompyuta linafungwa. Siku mbili baadaye ukimfungua mteja yule yule, vipimo vya zamani vimekaa pale pale, vimekunja nne. Dereva mmoja wa lori amekatiwa lenzi kwa kipimo cha mwaka juzi. Anasema barabara inampandia usoni. Ameegesha lori, hafanyi kazi, na jana alirudi dukani pamoja na kaka yake. Kaka mnene, alisema Daktari, na neno mnene akalirudia.

Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua. Nilipokata simu nikaanza kuzunguka.

Na mwezi uliopita tu nilikuwa naringa! Toleo jipya, Kiswahili kitupu, kila kitufe, kila swali. Daktari mwenyewe ndiye aliyeomba. Nilijipongeza wiki nzima.

Kikombe changu nimekiacha wapi?

Jumanne, 5 Machi

Dukani tangu asubuhi. Mshukiwa wa kwanza: nukta na koma. Kompyuta nyingine ukiiandikia 1.25 inaelewa mia moja ishirini na tano, kwa sababu kwao desimali ni koma. Jicho la mia moja ishirini na tano! Mtu huyo angeona hadi Jumapili ijayo. Nimejaribu kila namna. Hakuna kosa.

Mshukiwa wa pili: dirisha linaloganda. Orodha ya wateja imekuwa ndefu, na wakati inapakiwa dirisha zima linakuwa jeupe kama limeona maiti. Watu hukosa subira, wanaizima kompyuta kwa kidole gumba. Kosa ni langu, la kizembe. Ni kama nilimpa mtu mmoja kazi zote, ya jikoni na ya mlangoni. Akiinamia sufuria, wageni wanabisha mpaka wanachoka. Sasa kazi nzito inafanyika nyuma na dirisha linabaki huru. Linapumua. Binti wa zamu ya mchana amesema leo kompyuta imeamka vizuri.

Nikarudi nyumbani kwa mwendo wa bwana harusi.

Jioni Daktari akapiga. Vipimo vya leo asubuhi vya mwalimu mmoja havipo.

Nimelala chali sebuleni. Sakafu inasaidia.

Alhamisi, 7 Machi

Programu huacha alama ya kila inachofanya, nani alifungua, nani alifunga. Leo nimezifuata. Sikupenda zilikonipeleka.

Mabadiliko yote yaliyopotea ni ya zamu ya asubuhi. Zamu ya asubuhi ni Shemeji.

Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu. Yuko mapokezi pale tangu duka likiwa chumba kimoja na kioo kimoja. Ndiye aliyenipeleka kwa Daktari, akaapa kwamba mimi ni fundi wa kuaminika, ingawa uso kwa uso huniita Fundi Hewa, kwa sababu hajawahi kuniona nimeshika bisibisi. Akija kwangu hunichukulia kiti changu kabla hajavua viatu.

Na alama zinasema hivi: kila mara, mtumiaji aliulizwa, akachagua kutohifadhi.

Daktari akanipigia saa hiyo hiyo. Nikasema. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu: programu ni nzima, ila kuna mtu anachagua kutohifadhi. Nilisema kwa wepesi kabisa, kama mtu anayetua gunia.

Nikasikia akifunga droo. Kisha: "Basi ni yule mama."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nimeosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji amekuja. Hakuchukua kiti changu. Alikaa kwenye stuli, mkoba mapajani, kama mgonjwa anayengoja kuitwa.

Daktari amempa onyo la maandishi. Ijumaa kuna kikao, dereva wa lori atakuwepo, na akishindwa kujieleza ndiyo basi. Daktari amemwambia mitambo imeonyesha kwamba ni yeye. Mitambo! Mimi hapo nikawa mitambo.

Mke wangu alitaka kujua ni mitambo gani inayomwona mtu na haimuulizi. Nikasema ni jambo la kiufundi. Akaniangalia kwa namna ile ya kuhesabu miaka tuliyooana.

Shemeji hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ningeleta maji. Alisema tu, taratibu: "Shemeji, mimi mlango wa choo naurudia mara mbili kuona kama nimefunga. Leo niache macho ya watu wazi?"

Kisha akaniomba nimtafutie kosa lake liko wapi, ili asilirudie. Kosa lake. Hakushuku kabisa upande wa pili.

Nimemwahidi Jumatatu nitakaa naye zamu nzima.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeliona. Mungu wangu. Ni langu.

Nilivuta kiti nyuma ya Shemeji tangu duka lilipofunguliwa. Alifanya kazi kwa utulivu ulionitia aibu. Kila kitu anasoma. Anasoma hata maneno madogo yaliyo chini ambayo mimi mwenyewe sikumbuki niliandika nini. Binti wa mchana hasomi kitu, anagonga Enta kama anapigilia misumari.

Akaja mama mmoja, fundi cherehani, macho yamebadilika, hatungi uzi tena. Shemeji akaingiza vipimo vipya, akavilinganisha na karatasi ya Daktari, tarakimu kwa tarakimu, kwa kidole. Akafunga dirisha. Programu ikauliza, kama nilivyoifundisha:

Hutaki kuhifadhi mabadiliko?

Chini yake vitufe viwili. Ndiyo. Hapana.

Shemeji akalijibu swali kwa sauti, kwa adabu, kama anaongea na mtoto wa jirani: "Hapana, nataka." Akabonyeza Hapana.

Vipimo vya fundi cherehani vikaenda zao.

Nywele zilinisimama, hizo chache. Nikamwomba arudie na mteja wa kubuni. Akarudia. Hapana, nataka. Nikamuuliza kwa nini Hapana. Akageuka, akanitazama juu ya miwani. Umeniuliza kama sitaki, alisema, sasa niseme ndiyo sitaki, nina wazimu?

Kwa nini niliandika Hutaki? Najua kwa nini. Unataka ilionekana kavu, kama swali la askari. Hutaki ina ukarimu ndani yake, kama kumkaribisha mgeni: hutaki maji? Nilijiona mstaarabu. Lakini mgeni ukimuuliza hutaki maji, atakujibu nataka, au nimeridhika. Hakuna mgeni anayejibu kwa kitufe. Mimi nikampa vitufe viwili tu, na chini kwa chini nikaamua kwamba Ndiyo, ile inayobonyezwa na Enta, maana yake hifadhi. Aliyegonga bila kusoma akaokoka. Aliyesoma, akaelewa, akajibu Kiswahili sanifu, akapewa onyo la maandishi.

Fundi cherehani nilimkimbilia hadi barabarani. Bahati, alikuwa anabishana na muuza ndizi. Karatasi alikuwa nayo bado.

Shemeji hakujua kwa nini nilikimbia. Nilimwambia nimesahau kumuuliza mteja kitu. Nataka kuzungumza na Daktari kwanza, ndiyo sababu. Nadhani ndiyo sababu.

Jumanne, 12 Machi

Kurekebisha kwenyewe ni kazi ya kunywa chai nusu kikombe. Nimefuta swali. Sasa programu inasema: Vipimo vimebadilishwa. Vitufe vitatu: Hifadhi. Tupa. Rudi. Hata mlevi atavielewa. Kila kitufe kiseme kitakachotendeka! Hilo nimewahi kuwafundisha wengine, kwa sauti kubwa, nimesimama mbele yao na kalamu ya ubao.

Kisha kwa Daktari. Nilikuwa nimefanya mazoezi njiani, midomo ikicheza, watu wakinipisha.

Nilimweleza yote. Akacheka kwanza, cheko safi, akasema mtu mzima anashindwaje na Ndiyo na Hapana. Nikamkalisha kwenye kompyuta yenye toleo la zamani, nikamwambia abadilishe kipimo, afunge, ajibu. Akabadilisha huku ananisimulia habari za tawi jipya. Swali likatokea. Hakulisoma. Akabonyeza Ndiyo, bado anasimulia.

"Umeona? Inafanya kazi."

Nikamwomba asome. Akasoma. Akasoma tena. Uso ukabadilika kidogo, nakula kiapo, kisha ukarudi.

Akafunga mlango. Alinieleza kwa upole, mkono begani. Dereva na kaka yake wameshaambiwa ni uzembe wa mfanyakazi, na wamekubali kutulia mfanyakazi akiondoka. Ukiwaambia ni programu, watauliza wangapi wengine, na wengine hao wataanza kuvua miwani barabarani. Tawi jipya linafunguliwa mwezi ujao. "Unataka nikamwambie mshirika wangu kwamba tuna programu isiyojua Kiswahili?" Nibadilishe maneno kimya kimya. Yule mama ni mtu mzima, watoto wake wamekua.

Nilisema nitalifikiria, neno la mtu aliyekwisha kunyimwa hewa. Nimeshuka ngazi, nimepanda tena, nimeshuka. Mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Na wengine ni wangapi? Alama zote ninazo. Nimeanza kuorodhesha wa kuitwa kupimwa upya. Kazi hiyo angalau haina maneno.

Jumatano, 13 Machi

Nimemwambia mke wangu. Sikupanga, ilinitoka nikiwa natafuta soksi.

Hakupiga kelele. Aliuliza kama dada yake anajua. Nikasema bado. Akaendelea kukunja nguo, zake, za mtoto. Zangu aliziacha kwenye kapu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimempigia Shemeji ili nimwambie. Akasema yuko anapiga pasi gauni la kesho, lile la kijivu, asionekane kama mtu aliyekata tamaa. Akauliza kama nimeona kosa lake. Nikasema tutaongea.

Tukazungumza habari za mvua.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika dukani, benchi la wateja, chini ya bango la herufi zinazopungua. Nafika mstari wa nne tu siku hizi.

Daktari aliniagiza nije kuweka toleo jipya wakati wa kikao, mapokezi yakiwa tupu. Nimeshaweka. Hifadhi, Tupa, Rudi. Vinafanya kazi vizuri mno. Nimevijaribu, nikavijaribu tena, kwa sababu nikimaliza sina kingine cha kufanya kwa mikono.

Ndani wamo Daktari, dereva, kaka yake (ni mnene kweli) na Shemeji. Mlango una kioo cha ukungu. Naona rangi tu: nyeupe ya koti, kijivu. Sauti ya Daktari ni laini. Dereva amesema kitu kifupi. Kijivu hakisogei.

Orodha ya wa kupimwa upya iko mfukoni. Nimeikunja mpaka haikunjiki.

Ningeweza kwenda. Kompyuta imekwisha, hakuna anayenizuia. Hata mkoba nimeshauchukua, sijui saa ngapi, uko begani.

Mlango umefunguka. Shemeji peke yake, miwani mkononi. Hakuniita Fundi Hewa.

"Shemeji, wameniuliza kama nina mtu wa kunisemea. Nimewaambia ninaye, yuko hapo nje anaandika."

Ameushika mlango, ukae wazi. Koti jeupe limeinuka kitini, linanitazama. Dereva naye, bila miwani, amekaza macho kunitafuta.

Nimeinua kidole: nakuja, namalizia mstari huu mmoja. Mstari wenyewe hauna kitu. Naurefusha tu, na Shemeji bado ameushika mlango