Kinga Mlangoni kwa Zuhura

Dada Mwanamisi,

Niko Bofu, kwenye baraza ya nyumba yako, na mlango nimeufunga mwenyewe. Ndani yumo Zuhura. Tangu utuache, mwanao amepatikana na saratani ya damu. Dawa anazotiwa zinaupiga ugonjwa, lakini zimeuacha mwili wake hauna askari. Daktari hakutuficha: hata akichanjwa, mwili wake kwa sasa hautashika kitu. Kikohozi cha mtu mwingine chaweza kumwondoa.

Na kikohozi kimerudi, Dada. Nakisikia msikitini, dukani, ukutani kwa jirani. Ni Korona ileile iliyokuchukua wewe, au nduguye. Hakuna anayepima tena.

Watu wako unawajua. Mgonjwa sharti azuriwe. Bi Saumu alikuja na uji wa mtama, akanikuta nimekaa mlangoni; aliyekuwa akiingia ni mimi tu, kumlisha.

"Mzee Kombo, wanizuia miye? Miye n'mechanjwa, wallahi! N'tampa ugonjwa gani mtoto?"

Mwanawe akamkata: "Mama, marehemu Bi Mwanamisi si alichanjwa? Na akafa vilevile. Sindano ile ni maji."

Wakabishana mbele yangu, juu ya jina lako, kama walivyobishana kwenye matanga yako. Kwa mmoja chanjo ni ukuta, kwa mwenziwe ni maji.

Nimesoma nilichoweza. Wajuao wanasema chanjo humpunguzia mtu hatari ya kuzidiwa na kufa, na wengi imewaokoa. Wewe Korona ilikukuta na umri, sukari na moyo uliochoka. Chanjo huzuia maambukizi kwa kiasi tu, na kiasi hicho hupungua miezi ikipita. Je, aliyechanjwa akiambukizwa, humpa mwenziwe? Huenda ikawa kidogo kuliko asiyechanjwa. Ni kidogo kiasi gani, hapo hawasemi kwa sauti moja. Kidogo hicho ndicho ninachokichungulia kwenye uso wa kila apandaye baraza hii.

Wakumbuka siku ile zahanati? Muuguzi alikwambia, "Haya bibi, sasa una kinga." Ukacheka hadi mtandio ukakuanguka. "Kinga gani, mwanangu? Kwetu Mtongwe kinga ni ukuni wenye moto. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo! Kombo, sogea kule, tusije tukauunguza mtaa." Foleni nzima ikacheka.

Sasa neno hilo silicheki. Mtu akija akaniambia "nina kinga", nazisikia maana zote mbili, wala sijui ameniletea ipi. Naye hajui.

Wengi wameondoka wamenuna. Wanasema mzee wa Mikindani amekuja kutufunza kukata undugu. Mimi, niliyeng'olewa Mtongwe nikiwa kijana, nikazeekea Mikindani, ng'ambo ya maji, nikiitwa mgeni, leo ndimi ninayewaambia watu warudi walikotoka. Inaniuma. Zuhura naye hulia huko ndani: "Mjomba, mwache hata mmoja aingie. Nimechoka kuongea na dari."

Dada, leo alfajiri nimeamka koo lanikwaruza.

Huenda ni vumbi. Nimechanjwa, wajua, tulisimama foleni moja. Nimempigia daktari simu, anamtuma mtu aje anipime. Chai ya Zuhura nimeiweka kizingitini, nikagonga, nikarudi nyuma. Kisha nikamweleza kupitia dirishani. Hakulia. Aliniuliza tu, polepole, kwa ile sauti yako:

"Jana ulinilisha kwa mkono wako, Mjomba. Koo lilikuwa limeshaanza?"

Nikarudi katika yote niliyoyasoma, nikihesabu saa tangu jana.

Nakuahidi, sitakivuka kizingiti hiki mpaka nijue nimebeba nini, na sitaondoka hapa nje hata wakiniita mwendawazimu. Pumzika, Dada. Mola aipanue nafasi yako. Mwombee mwanao huko uliko.

Nimetega sikio dirishani. Mpaka sasa sijamsikia akikohoa.

Nduguyo,
Kombo