Nimemwombea meneja mtoto

Herieth, nimeaibika. Nimesimama nje ya hoteli hapa Mbezi Beach, hata kuvuka barabara nashindwa.

Ile kazi ya mapokezi tuliyoifungia na kuiombea, nimeiharibu kwa mdomo wangu. Kiingereza wala hakikunisumbua, shoga. Kilitiririka!

Meneja ni mama wa Kizungu. Kabla hajaniuliza chochote nikamsalimia kama tunavyosalimiana kwetu: za nyumbani, mume hajambo, watoto wazima? Kwa Kiingereza safi!

Akasema, "Sina mume. Sina watoto."

Si ningenyamaza? Nikamwambia pole, Mungu hajakusahau. Nikamshika mkono, nikafumba macho, nikamwombea mtoto. Kwa sauti, Herieth! Amina nikaitikia peke yangu.

Nafumbua macho, analia. Akaniambia taratibu, "Nilikuwa na binti. Nilimzika Machi."

Alimzika Machi! Na mie nimemng'ang'ania mkono. Kiingereza chote tulichosoma jioni na wewe kikakauka, pole ya pili nikaisema kwa Kiswahili.

Akasema watanipigia. Hakuuliza hata swali moja la kazi.

Niombee wewe hiyo kazi. Mie leo siwezi. Nikifumba macho namwona yule mama.